Uanagenzi wa Kamera: Jinsi Kijana wa Pwani Anavyoingia Kazi ya Televisheni na Filamu

Vijana wengi wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta wanaotaka kufanya kazi ya televisheni au filamu huuliza swali moja: naingilia wapi? Hupewa majibu mawili. La kwanza ni kusoma wapate cheti. La pili ni kununua kamera, au hata kutumia ya simu, waanze kupiga video na kuziweka mtandaoni. Majibu yote mawili yana maana. Lakini kijana anaweza kuyatekeleza yote na bado akakaa nyumbani Kisauni au Likoni miaka mitatu akingoja simu ambayo haiji.

Sababu ni kwamba hii ni kazi ya ufundi, na ufundi hupokezanwa mkono kwa mkono. Sisi watu wa Pwani tuna jina la anayejifunza hivyo: mwanagenzi. Pale Matondoni, kisiwani Lamu, fundi wa jahazi hakusomeshwa ubaoni. Alianza kwa kushika mbao na kutumwa misumari, akatia kalafati, akaonywa alipokosea, mpaka siku aliyoachiwa kazi aifanye peke yake. Seti ya filamu haina tofauti kubwa na hapo.

Makala haya yanaeleza jinsi ulezi wa vijana unavyofanya kazi katika televisheni na filamu, mifano iliyofaulu hapa Kenya na kwa majirani, nafasi ambazo mtu huanzia, na mambo ya kuandikiana kabla ya kuanza. Yanasisitiza jambo moja: ulezi wa kweli una kazi inayojulikana, muda unaojulikana na mwisho unaojulikana. Usio na hayo matatu ni utumishi wa bure uliovishwa kanzu ya msaada.

Kwa nini mlezi anahitajika

Kampuni za kawaida huajiri watu kwa miaka. Filamu huajiri kwa wiki. Mtayarishaji akipata fedha hukusanya timu ya watu kumi na tano, arobaini au hata mia, wakafanya kazi mwezi mmoja au miwili, kisha kila mtu akaenda zake. Tamthilia za runinga hudumu zaidi, lakini nazo hufika mwisho wa msimu zikakoma. Kwa hivyo nafasi nyingi hazitangazwi gazetini. Mkuu wa kitengo cha kamera huulizwa anamtaka nani, naye hutaja watu aliowahi kufanya nao kazi. Fundi sauti hufanya vivyo hivyo. Asiyewahi kusimama kwenye seti hata mara moja hana wa kumtaja.

Jambo la pili ni gharama. Siku moja ya kupiga filamu inalipiwa vifaa, magari, chakula, waigizaji na mahali. Kijana akifuta memori kadi kabla haijanakiliwa, kazi ya watu wote ya siku hiyo imepotea. Akiacha simu yake ikalia katikati ya tukio, waigizaji wanarudia upya. Cheti hakisemi kama mtu ataamka saa kumi alfajiri siku kumi na mbili mfululizo bila kununa, au kama atakiri kosa lake kabla halijawa kubwa. Hayo huonekana kazini tu, na anayeyaona ndiye atakayekuita tena.

Mifano iliyozaa matunda

Mfano unaojulikana zaidi Kenya ni ule wa One Fine Day Films, iliyoanzishwa na mwongozaji wa Ujerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ikishirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Filamu ya kwanza ilikuwa Soul Boy (2010), iliyopigwa Kibera na kuongozwa na Hawa Essuman, huku Tykwer akiwa msimamizi wake. Baadaye mpango ukawa hivi: vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika wanahudhuria warsha, kila mmoja katika kitengo chake cha uandishi, uongozaji, kamera, sauti, uhariri au upambaji wa mandhari, wakifunzwa na watu wenye uzoefu. Kisha inapigwa filamu ndefu ambayo waafrika wenyewe ndio wakuu wa vitengo na walezi wako kando yao.

Matunda yake yanaonekana. Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwasilisha kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Gitonga hakuanguka kutoka mbinguni. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya msaidizi wa mwongozaji. Zikafuata Something Necessary ya Judy Kibinge (2013), Veve ya Simon Mukali (2014), Kati Kati ya Mbithi Masya (2016), ambayo ilipata tuzo ya wahakiki huko Toronto, na Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba mradi ulizaa mwongozaji mpya karibu kila filamu, na pamoja naye mafundi wa kamera, sauti na taa ambao majina yao hayaimbwi lakini wanaendelea kula kwa kazi hiyo.

Mfano wa pili ni wa Uganda. Mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala mwaka 2004. Hapo mwandishi kijana anakaa na mwandishi aliyekomaa, mswada unasomwa, unachanwachanwa na kuandikwa upya. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wamepitia humo.

Mfano wa tatu ni MultiChoice Talent Factory, iliyofungua vyuo vitatu mwaka 2018: Nairobi, Lagos na Lusaka. Kila kimoja kilichukua vijana 20 kwa mafunzo ya miezi 12, na kile cha Nairobi kilipokea wanafunzi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia. Tofauti yake na chuo cha kawaida ilikuwa kwamba mwanafunzi alipelekwa kwenye seti za tamthilia zilizokuwa zikiendelea kupigwa na alishiriki kutengeneza filamu.

Kwa filamu za hali halisi kuna Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na Judy Kibinge, mwongozaji yule yule wa Something Necessary. Hutoa fedha kwa watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki na kuziandamanisha na ushauri wa muda mrefu, kwa sababu filamu ya aina hiyo yaweza kuchukua miaka.

Wapo pia walioshikwa mkono bila mpango rasmi. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, Lupita Nyong'o alikuwa msaidizi wa utayarishaji, kazi ya kutumwa huku na huku. Hapo alizungumza na mwigizaji Ralph Fiennes kuhusu hamu yake ya kuigiza, akashauriwa aifanye kazi hiyo ikiwa tu hawezi kuishi bila hiyo. Mwaka 2014 alishinda Oscar. Si kila atakayebeba chai kwenye seti atafika huko. La kujifunza ni kwamba alikuwa ndani ya seti, na aliuliza.

Na hapa kwetu Pwani?

Pwani haikosi hadithi wala watu. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, wasomaji habari wa Citizen TV, walianzia redioni Mombasa. Kampuni yao, Jiffy Pictures, ndiyo iliyotengeneza Maria, Zora na Sultana. Tamthilia ya Sultana, yenye mandhari na lafudhi ya Pwani, ilionyesha kwamba mtazamaji wa Kakamega au Nyeri hukaa akatazama kisa cha huku jioni baada ya jioni.

Mjini Mombasa, shirika la S.A.F.E. Kenya limetumia mchezo wa kuigiza wa barabarani na filamu pamoja. Watatu (2015), filamu kuhusu vijana wanaovutwa na itikadi kali, ilitokana na mchezo wa jukwaani. Hii ni njia nzuri ya kulea mwigizaji: anayezoea kuigiza mbele ya watu wa mtaa wanaomjibu papo hapo haogopi kamera.

Katika filamu za hali halisi, The Letter ya Maia Lekow na Christopher King inamfuata kijana anayetoka Mombasa kwenda Kilifi kwa bibi yake aliyeitwa mchawi. Kenya iliiwasilisha kuwania Oscar za mwaka 2021. New Moon ya Philippa Ndisi-Herrmann (2018) ilianza kama filamu kuhusu bandari mpya ya Lamu, ikageuka kuwa safari ya mwongozaji mwenyewe kuingia Uislamu. Na ng'ambo ya mpaka, Amil Shivji aliitoa riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyopigwa Zanzibar na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021.

Lakini tuseme ukweli. Mara nyingi timu ya filamu ikija Pwani huja imekamilika. Kamera, sauti, taa na uongozaji vinatoka Nairobi au ng'ambo. Kijana wa hapa hupewa kuendesha gari, kulinda vifaa, au kupita nyuma ya waigizaji akiwa amevaa kanzu. Fukwe zetu na nyumba zetu za mawe zinakuwa pazia la nyuma. Hasara yake si mshahara tu. Mswada ulioandikwa na asiyetujua humfanya mama wa Kiswahili aongee kama kitabu cha shule, mvuvi aende baharini saa ambayo maji yamekauka, na harusi ifanyike kwa mpangilio ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona. Watoto wetu hukua wakitazama Pwani hiyo. Dawa si kulalamika. Dawa ni kuwa na watu wetu ndani ya kila kitengo, na hapo ndipo ulezi unapoingia.

Nafasi za kuanzia

Vijana wengi wanajua kazi mbili tu, mwigizaji na mwongozaji. Seti ina vitengo vingi, na milango mipana iko katika vile ambavyo havionekani.

Utayarishaji. Msaidizi hugawa ratiba ya siku, huhakikisha gari limefika, chakula kimefika na mwigizaji ameamshwa. Hapa hujifunza mtu jinsi seti nzima inavyoendeshwa, na wengi wa watayarishaji walianzia hapa.

Kamera. Mwanagenzi huchaji betri, husafisha lenzi, hugonga kibao mbele ya kamera na kuandika nambari za kila tukio. Hufundishwa pia yale yasiyoonekana kwa macho, kwa mfano kwamba umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, ndiyo sababu televisheni zetu hupigwa fremu 25 kwa sekunde, na kamera ikipangwa kinyume taa za ndani zinaweza kuonekana zikipepesa.

Sauti. Ni kitengo chenye uhaba wa mafundi, na mtazamaji husamehe picha mbaya kabla ya kusamehe sauti mbaya. Mwanagenzi hushika fimbo ya mikrofoni juu ya waigizaji bila kivuli chake kuingia kwenye picha. Mikono huuma siku ya kwanza.

Mwendelezo. Huyu huandika kila kitu: buibui lilikuwa limefungwa vipi, kikombe kilikuwa mkono gani, chai ilibaki kiasi gani. Tukio likirudiwa kesho lazima lifanane.

Maleba, urembo na mandhari. Mafundi cherehani, wapambaji wa maharusi, wachoraji wa hina na maseremala wa Pwani wana ujuzi tayari. Wanachokosa ni kujua jinsi ujuzi huo unavyotumika mbele ya kamera.

Uhariri. Mwanagenzi huanza kwa kunakili na kupanga faili. Kanuni ya kwanza ni kwamba kazi iliyo mahali pamoja tu haijahifadhiwa. Iwe na nakala mbili au tatu, kwenye diski tofauti.

Habari za televisheni. Njia ni mafunzo ya vitendo katika vituo, na redio za Mombasa zimekuwa ngazi nzuri ya kupandia. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya hutoa vitambulisho vya wanahabari, wakiwemo wanafunzi.

Kwa anayetaka kusoma kwanza, Kenya Institute of Mass Communication mjini Nairobi ndiyo kongwe. Ilianza mwaka 1961 kwa kufundisha mafundi wa mitambo ya utangazaji. Lakini uliza swali hili kabla ya kulipa karo mahali popote: wanafunzi hupelekwa kwenye seti au kituo gani, na kwa muda gani? Chuo kisichoweza kujibu kinauza karatasi.

Unachokuja nacho mwanagenzi wa Pwani

Vijana wetu wengi huingia kazini wakijiona hawana kitu. Si kweli. Mtoto wa Pwani ana elimu ambayo mgeni hulazimika kuinunua.

Chukua maji. Bahari hujaa na kupwa, na kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita. Wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, ufuo ulioonekana mpana asubuhi humezwa kabisa mchana. Timu isiyojua hilo huanza tukio kwenye mchanga mkavu na kulimaliza na mawimbi magotini, na picha haziwezi kuunganishwa. Kijana anayeweza kusema wiki moja kabla, "Siku hiyo maji yatajaa saa kumi, tuanze saa mbili," ameokoa siku nzima.

Chukua upepo. Kusi ikivuma, mikrofoni isiyovishwa kifuniko cha manyoya hairekodi chochote ila ngurumo. Chukua joto na unyevu: kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ikapelekwa nje ghafla, lenzi hufunikwa na ukungu, kwa hivyo hutolewa mapema izoee. Chukua jua: hapa kwetu karibu na ikweta huzama upesi, na mwanga mzuri wa jioni haungoji mtu anayetafuta betri.

Kubwa zaidi ni watu. Anayejua saa za adhana hapangi tukio la mazungumzo dakika ile karibu na msikiti. Anayejua Ramadhani hupanga ratiba kwa namna nyingine. Anayejua mtaa hujua mzee gani wa kuombwa ruhusa kwanza, na wanawake gani hawapendi kupigwa picha. Ujuzi wa lugha nao ni kazi. Mtu anayesahihisha mazungumzo ili Kiamu kisikike Kiamu na Kimvita kisikike Kimvita ni mshauri wa lugha, na anastahili kulipwa na kuandikwa jina. Usiutoe ujuzi huo bure kwa kudhani ni mambo ya nyumbani.

Jinsi ya kumpata mlezi

Kwanza, fanya kitu kidogo ukimalize. Filamu ya dakika tatu iliyokamilika ina nguvu kuliko mswada wa saa mbili ulio kichwani. Katika mswada uliopangwa kwa utaratibu, ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwa hivyo kurasa tatu zinatosha kuanza. Wanafunzi wa shule na vyuo wana bahati zaidi: tamasha la kitaifa la drama sasa lina mashindano ya filamu pia.

Pili, nenda wanakokutana. Mombasa kuna Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ambayo hukusanya vijana wa sanaa na teknolojia, na kuna ukumbi wa Little Theatre Club kwa waigizaji. Anayeweza kuvuka, Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, hufanyika Ngome Kongwe. Huko kijana hukutana ana kwa ana na watu ambao vinginevyo angewaona kwenye skrini tu. Fuatilia pia matangazo ya Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2005 kukuza sekta hii.

Tatu, omba kitu mahususi. Mtu aliyeshika kazi akiandikiwa, "Naomba unisaidie niwe mwongozaji," hajui aanzie wapi. Akiandikiwa, "Shikamoo mwalimu. Nimesikia mtapiga tamthilia Kilifi mwezi ujao. Nimefanya sauti kwenye filamu mbili fupi, hizi hapa. Naomba kuwa chini ya fundi wako wa sauti kwa wiki mbili," anaweza kujibu ndiyo au la siku hiyo hiyo.

Nne, usimtafute mkubwa kuliko wote. Mlezi mwenye faida mara nyingi ni yule aliyekutangulia miaka mitano tu. Yeye bado anakumbuka mlango ulivyo, na bado ana muda wa kukujibu.

Mambo ya kuandikiana

Mapatano ya mdomo ndiyo yaliyoharibu undugu wengi. Hata kama mlezi ni mjomba wako, andikianeni ukurasa mmoja wenye mambo haya:

- Kazi: nitakuwa kitengo gani, chini ya nani, na nitafundishwa nini.
- Muda: kuanzia tarehe gani hadi gani, na saa ngapi kwa siku.
- Malipo: kama hakuna mshahara, je, nauli, chakula na mahali pa kulala ni juu ya nani? Na ni lini malipo yataanza?
- Jina: nitaandikwa vipi mwishoni mwa filamu.
- Kazi yangu: naweza kutumia sehemu gani kama mfano wa kazi niliyofanya, na baada ya filamu kutoka lini.
- Ajali: nikiumia au kifaa kikiharibika, itakuwaje.

Sheria ya Kazi ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kwa waandishi, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ina mambo mawili ya kukariri. Wazo peke yake halina hakimiliki. Linalolindwa ni lile lililoandikwa au kurekodiwa. Na haki ya mswada haihamishwi kwa maneno, sharti iwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Lakini ukiandika ukiwa umeajiriwa au umeagizwa kwa malipo, haki huweza kuwa ya mwajiri au aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo soma kabla ya kutia sahihi. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi, na cheti chake husaidia panapotokea ubishi.

Wale wanaoanza na kamera zao wenyewe wajue pia kwamba filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa huhitaji leseni ya kupigwa. Maeneo kama Fort Jesus na Gede yako chini ya Makavazi ya Kitaifa na huombewa ruhusa. Droni hazirushwi bila idhini ya mamlaka ya safari za anga. Mlezi mzuri hukuonyesha njia ya kuomba ruhusa hizi, hakufundishi kuzikwepa.

Wazazi na usalama wa watoto

Wazazi wengi wa Pwani wana hofu na kazi hii, hasa kwa binti zao, na hofu hiyo haikutoka hewani. Wapo wanaojiita watayarishaji ambao hawajawahi kutoa filamu hata moja. Dalili zao zinafanana. Wanadai ada ya kusajiliwa kabla ya majaribio. Wanafanya majaribio chumbani hotelini au usiku. Wanamkataza kijana kuja na mwenzake. Wanaahidi nafasi kubwa bila kutaja kichwa cha filamu, tarehe wala kampuni. Mtu anayetaka mwili ili atoe nafasi ya kazi ametenda kosa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamhusu anayetumia mamlaka yake hivyo, na Sheria ya Kazi nayo inakataza.

Mzazi hana haja ya kukataa moja kwa moja. Aulize: filamu inaitwaje, kampuni ni ipi, imewahi kutoa nini, inapigwa wapi, binti yangu atarudi saa ngapi na kwa gari la nani? Aende siku ya kwanza akaone. Seti halali haina la kuficha, na mtayarishaji wa kweli hufurahi kumjua mzazi kwa sababu anamhitaji mwigizaji wake siku nyingine ishirini.

Deni la anayelea

Neno la mwisho ni kwa mafundi wetu waliokwisha kufika. Mwanagenzi hukupunguzia kazi, lakini si mtumwa wako. Mpe jukumu moja dogo ambalo likiharibika litaonekana ni lake na likifaulu litaonekana ni lake. Mkosoe faraghani. Mwandike jina lake sawasawa, kwa herufi zake, kwa kuwa jina hilo ndilo litakalompa kazi ya pili. Na akishaweza, mtaje kwa wengine hata kama itamaanisha atakuhama. Fundi wa Matondoni hakufunza watu ili wamshikie mbao maisha yao yote.

Na wewe kijana ukishashikwa mkono, anza kutazama nyuma mapema. Filamu ya kwanza utakayokuwa na sauti ndani yake, omba nafasi moja ya mwanagenzi wa hapa: mmoja kwenye kamera, mmoja kwenye sauti, mmoja kwenye mwendelezo. Timu ijayo ikitoka Nairobi au ng'ambo kuja kupiga filamu Lamu au Diani, iwe na majina ya hapa ya kutaja.